Kwa Nini Sikushuka Mlimani

Mlima wa Wana wa Mfalme,
Siku ya tisa, mwezi wa Hidar.

Mpendwa dada Walatta Hanna,

Shikamoo. Habari za huko kwenye joto? Shemeji Bahta hajambo? Na mimba, unaibeba vyema? Sisi huku tu wazima, mimi na kaka Tasfa, ila baridi inatung'ata na shayiri ya mwaka huu imetoka haba.

Najua umesikia kwamba nilikataa kiti cha marehemu baba kwa woga. Naomba unisikie mwenyewe.

Wajumbe walipanda kutafuta mrithi mvua zilipokwisha. Walianza na kaka, maana ndiye mkubwa. Wakampa Zaburi asome. Akasoma vizuri mno, neno kwa neno, kumbe kitabu walimpa kichwa chini miguu juu. Dada, kaka haoni. Ni mwaka wa nne huu tunaficha.

Basi wakanigeukia mimi. Sitakudanganya, moyo uliruka. Nilipandishwa huku nikiwa na miaka tisa, nifungiwe kama wana wote wa kifalme mpaka mmoja aitwe kutawala. Leo nina ishirini na miwili. Niliwaza kupanda farasi, nije mpaka kwako. Nikauliza kama nitashuka na kaka.

"Anayeshuka ni mmoja, mwana wa mfalme," mkubwa wao akasema. "Sheria unaijua."

Nikaitazama njia ya kisimani, inavyopita ukingoni mwa genge. Nikawaambia wamchukue binamu yetu Mahari. Wakamchukua.

Kaka alininunia siku tatu. Ya nne, nikimshika mkono kwenda kanisani, akafungua mdomo.

"Punguani wewe. Saa hizi ungekuwa unakula nyama katika jumba la baba."

"Na kucha zako angekukata nani?"

Alicheka mpaka akakaa chini njiani.

Sisemi sijutii. Mahari alipoteremka na ngoma zake, nilienda nyuma ya ghala nikalia kama mjane. Lakini kaka akiniita, naitika. Hilo linanitosha siku nyingi.

Mahari ameruhusu barua moja kwa mwaka, nami nimeichagua iwe yako. Ukijifungua, tuandikie jina la mtoto. Kaka anataka kuwa wa kwanza kuliombea.

Nisalimie shemeji, na yaya Tsige kama bado yu hai. Mungu akufungue salama, dada.

Ndimi mdogo wako, ninayekupenda ingawa uso wako nimeanza kuusahau,

Habta