Sauti ya Bibi, Faili Moja Moja

Kilakala, Morogoro
14 Juni

Mpendwa Mjomba Hatibu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mlali, na maharage yameanza kufunga. Mimi sijambo, kazi ya steshenari inaendelea.

Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Si ile yenye sauti ya Bibi iliyopotea mwaka jana, hii ni nyingine. Itie kwenye redio yako ndogo utamsikia Bibi, Mungu amrehemu. Anataja mipaka ya shamba la ukoo, toka mtoni mpaka makaburini. Kikao kikikaa Ijumaa, hao wanaolimezea mate wasikie wenyewe.

Nilimkumbuka Gervas, yule mwanachuo aliyekuja kujifunza Kiluguru kwa Bibi, akarekodi visa vyake kwenye ile kadi ya kwanza. Nilipompigia akaniambia alinakili kila kitu akakiweka mtandaoni, kwenye ghala ambako waandika programu huhifadhi kazi zao. Kila kisa kina faili yake, jumla mia nne na kumi na mbili. Nikajaribu kuzipakua zote kwa mkupuo. Mtandao ukayumba, zikakatika, nikaanza upya, zikakatika tena. Bosi wangu, Bi Martina, akanishauri niache, kwamba marehemu harudi. Nikamwambia sauti yake itarudi.

Basi nikaandika programu fupi, Gervas akinielekeza kwa simu, ichukue faili moja moja, na mtandao ukikatika iendelee ilipoishia. Zilipoingia zote nilipiga vigelegele mpaka wateja wakacheka. Kumbe! Hakuna hata moja iliyotoa sauti. Nilikuwa nimepakua kurasa zinazoonyesha faili, siyo faili zenyewe, nimebeba vifuniko nikaacha asali. Nililia, Mjomba. Kisha nikarekebisha anwani, nikaanza tena. Siku ya tatu nikamsikia Bibi akimfokea jogoo kabla ya kuanza kisa.

Sasa niseme kilichonifanya nisichoke. Ile kadi ya kwanza haikupotea. Niliifuta mimi, nikitafuta nafasi ya kuweka video za harusi ya rafiki yangu, kisha nikaitupa kwa hofu. Mliposema mkaza mjomba Mwajuma ameificha kwa kuwa si wa ukoo wetu, nilinyamaza. Ulipomrudisha kwao Bigwa nikanyamaza pia, na chakula chako nikala. Hakuificha. Hakuigusa kabisa. Naona haya, lakini Ijumaa nitakuja kuyasema haya mbele ya kikao kizima, hata mkinifukuza.

Nisamehe ukiweza. Wasalimie wote hapo nyumbani na majirani. Mkaza mjomba nimekwisha kumsalimu, maana leo asubuhi nilikwenda Bigwa nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliniuliza tu siku hizi nani anakuchemshia maji ya kuoga.

Ni mimi mpwa wako,
Mwanvita