Kapiteni Ndeke Bado Yuko Kwenye Barafu

Kabondo, Kisangani
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ismaël,

Nyongeza ya kanuni za mchezo wa mezani kwa Odile inatoka Jumamosi hii, na sura ya usingizi wa barafu imo ndani. Amesema Odile asubuhi ya leo, naye amelisoma tangazo la wachapishaji wenyewe, si maneno ya wachezaji. Nilimwomba anionyeshe, nikalisoma pia. Kitabu cha karatasi kitauzwa kwanza huko kwenu. Cha kusoma kwenye simu kitafuata mwezi ujao. Macho yako yatakiona kabla ya yetu, na ndiyo sababu nimeketi kuandika.

Nimetanguliza habari mbele ya salamu, na mama angenigombeza. Haya: hujambo? Goti limepona? Baridi ya Namur imeanza kukutesa? Sisi ni wazima. Mama yetu Khadija ana presha yake, lakini anakunywa dawa, na bado hamruhusu mtu mwingine kufagia uwanja wake. Mvua inatunyeshea karibu kila alasiri. Gracia ataipiga picha barua hii na kukutumia leo, kwa hiyo usisingizie posta.

Wewe ndiye uliyetutumia kitabu cha kwanza cha mchezo ule wa anga, wa kusimuliana na kutupa kete, lakini hukuwahi kukaa kwenye meza yenyewe. Wanacheza kila Jumapili kwa Odile, ng'ambo ya mto, Lubunga. Odile husimulia na kuhukumu. Wachezaji walikuwa watatu: Gracia, Rachidi fundi wa simu, na kaka yetu mkubwa, yaya Idrissa. Mimi sichezi. Nilikuwa navuka mto pamoja na yaya na kukaa kando na chai yangu. Chombo chao kinaitwa Tshopo ya Pili. Kapiteni Ndeke alikuwa mtu aliyechezwa na yaya tangu mwanzo: bahili wa mafuta, mwoga mbele ya wanawake, hodari wa kutoroka.

Mwezi wa nne, ugonjwa ulipoanza, yaya alimlaza Ndeke kwenye barafu ya chombo. Alisema mbele ya wote: "Bon, mumulaze. Hata mukipotea njia, hapana kumuamusha. Mungoje nipone." Kitabu cha zamani kinasema aliyelala huamshwa kwa kete za mchezaji wake tu. Yaya hakupona. Tangu hapo Ndeke si mzima wala si maiti.

Kuna jambo la siku ya msiba ambalo nadhani hukuambiwa. Rachidi alitumwa kuandika komunike, tangazo la kifo, na kuipeleka kwenye redio ninakofanya kazi. Mimi nilikuwa nyumbani, wanaume wakimwosha marehemu nyumba ya pili. Kwa uchungu, au kwa mazoea ya meza ile, Rachidi aliandika marehemu wawili: Idrissa Feruzi, seremala, na Kapiteni Ndeke wa Tshopo ya Pili. Msomaji wa zamu aliyasoma majina yote mawili kama yalivyo, na akarudia. Kabla ya alasiri askari wawili walifika msibani kuuliza kapiteni huyo alikuwa wa kikosi gani. Mzee Hamadi, jirani yetu, aliwajibu kwa uso mkavu: "Ule alikufia mbali sana, bakubwa. Hata avion yenu haifike." Watu walicheka msibani. Sikujua, binti wa yaya, hakucheka.

Tangu arubaini ya baba yake, Sikujua huvuka nami kila Jumapili na kukaa kwenye kiti chake. Hajachagua mtu wa kumcheza. Anakaa, anasikiliza, anakula.

Sasa sikiliza desturi ya meza hiyo, ambayo hakuna kitabu kilichoiagiza. Mtu wa mchezo akifa, hupikiwa matanga. Ndizi zinapondwa kuwa lituma, inapakuliwa na samaki, na kila anayechota hutaja kosa moja la marehemu. Wakishacheka, jina lile halichezwi tena na yeyote. Tia akilini hilo la mwisho.

Jumapili iliyopita Rachidi aliingia na samaki mkononi.

"Tonton, samaki hii ni ya nini?" Sikujua aliuliza.

"Ya Ndeke. Mutu akisomwa ku radio, amekufa."

"Si ni weye uliandika! Unamuua, kisha unamuletea samaki?"

"Siku, mutoto wangu, sikiliza. Mimi nilibeba baba yako mpaka ku kaburi. Sitaki kumusikia tena hapa na sauti yako."

"Sisemi baba. Ninasema Ndeke. Ndeke iko analala, na mi mwenyewe nitamuamusha."

Gracia alijaribu utani: "Akiamuka, ataulizia kwanza nani alimaliza mafuta." Hakuna aliyemsaidia kucheka. Odile alifunga kitabu na kusema hatahukumu mpaka nyongeza ifike. Rachidi alirudi na samaki wake kwa mkewe Agathe, akaliwa huko. Samaki hakuwa na kesi.

Kwenye pirogi, tukirudi, Sikujua aliniambia Ndeke akizikwa yeye hatavuka tena. Atakwenda Ubundu kwa mama yake, na masomo yatangoja. Alisema polepole, akiyatazama maji. Namjua tangu azaliwe: anayepiga kelele akikasirika ni mama Khadija, si yeye. Kesho yake asubuhi nilikuta begi lake limeshushwa kutoka juu ya kabati. Tangu mazishi hali chakula na sisi hapa nyumbani. Anabeba sahani chumbani, na mara nyingi inarudi kama ilivyoingia. Kwa Odile humaliza. Nakuandikia nilichokiona, nawe usikikuze.

Kuhusu nyongeza, lililothibitishwa ni moja: tangazo linasema sura hiyo inawagusa waliolala na kubaki bila mchezaji. Mengine ni uvumi. Gracia amesikia kwa wachezaji wa Kinshasa kwamba mrithi ataruhusiwa kutupa kete mara moja tu, na zikianguka vibaya aliyelala anakufa moja kwa moja. Rachidi amesikia kwamba wote wa namna hiyo wanahesabiwa wafu. Hakuna kati yao aliyeuona ukurasa wenyewe.

Kwa hiyo nakuomba. Jumamosi nenda dukani mapema, piga picha sura nzima, na umtumie Odile. Usinitumie mimi, usimtumie Sikujua, na usitangulize maneno ya kutuliza. Mtoto ameshaniambia: "Tantine, tonton Ismaël akiona ni mubaya, ataruka page. Ye ni mutu wa huruma." Nilimjibu kwamba hutaruka. Nimelitumia jina lako, usiniangushe.

Jana Rachidi alikuja hapa nyumbani. Hakuja na samaki, hakuja na hotuba. Alimkuta Sikujua barazani, akaketi, nami nilikuwa dirishani nikikunja nguo.

"Donc kitabu kikikuachia utupe," alisema, "na kete zikaanguka mubaya?"

"Nitaponda lituma mi mwenyewe. Na kosa lake la kwanza nitalisema mimi."

"Na zikianguka muzuri?"

"Utaleta samaki vilevile. Ule mutu amelala miezi, ataamuka na njaa."

Rachidi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya redio. Kisha akauliza lililobaki: "Na kitabu kikikatala hata kutupa?"

Sikujua aliinuka, akaingia ndani. Rachidi alingoja mpaka chai yake ikapoa, akaaga. Begi bado liko chini.

Mambo mengine ni madogo. Paa la jikoni limebadilishwa. Assumani, mtoto wa mzee Hamadi, ameoa msichana wa Yahuma, na harusi ilikuwa ya heshima. Kiti cha yaya kule kwa Odile kilikuwa kinayumba. Sikujua ameomba nyundo, akakipigilia misumari mwenyewe.

Nisalimie mkeo Aimée, na mtoto wenu Émilie, umwambie bibi yake anataka kumsikia akisema Kiswahili, si "allô" tu. Patricia wa kazini kwangu anakusalimu. Mama anakuombea dua kila baada ya sala, na mimi naongeza yangu: Mungu akutunze, na miguu yako isiteleze kwenye barafu ya huko.

Ni mimi dada yako, ambaye umbali haujampunguzia upendo,

Ramla Feruzi

Niliacha barua mezani nikaenda kuteka maji, na niliporudi Sikujua alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kama nimekuandikia kuhusu Jumamosi. Nikasema ndiyo. Akasema basi nikuandikie na hili: Jumapili, tarehe 16, atavuka, kitabu kiseme lolote. Ndizi za kuponda atazinunua yeye asubuhi. Pirogi ni baada ya sala ya adhuhuri.