Kizibo Nilichokichomelea

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimerudi mtaani kwetu, na mtaa umejua! Injinia, yule mama anayefufua garimoshi la mvuke – lile lile lililopita nyuma ya jiko la mama tukiwa watoto, likituachia masizi kwenye shuka – kaniuliza kama najua maboila. Mimi? Miaka ishirini melini! (Kumi na tisa nilikuwa mpishi, lakini hakuuliza.) Nimepewa ovaroli. Imenikaa kama suti.

Kaka ndiye dereva. Ana miaka sabini na moja. Garimoshi liliegeshwa wiki ile ile aliyopata leseni, hakuliendesha hata siku moja. Sasa anakuja karakana kanyoa ndevu, kama bwana harusi.

Jumanne, 4 Machi
Kizibo kimoja kwenye dari la tanuri, chini ya maji ya boila, kinavuja. Tone, tone. Katikati yake wamejaza madini ya risasi, laini kama sabuni – nani anaweka kitu laini mahali pa moto? Nikaikwangua yote, nikajaza shaba, nikachomelea. Dakika kumi! Kaka akasema, Baharia, mkono wako hauzeeki. Nikamwambia hata sura.

Alhamisi, 6 Machi
Sili chakula.

Injinia alikuwa akiwaeleza waandishi wa habari. Kasema maji yakipungua kwenye boila, risasi ya kile kizibo inayeyuka, mvuke unashuka tanurini kupooza moto, dereva anapona. Na isipokuwepo? mmoja akauliza. Injinia akasema, dari linaporomoka, na dereva humpati tena.

Chai yote ikanimwagikia. Watu wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Ningesema pale pale. Lakini walikuwa wameshaniandika "mtaalamu wa maboila".

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia kaka. Mwanzo hadi mwisho, hata habari ya upishi. Alikuwa anapiga pasi shati la kesho, siku ya safari ya kwanza ya garimoshi. Alicheka mpaka akaiweka pasi kando. Juzi umempandisha Injinia juu ya bomba la moshi kutafuta nyoka wa uongo, leo umekuja kunipandisha mimi presha? – Kaka, naapa! – Hata nyoka uliapa. Mkewe naye akadakia: muache kaka yako, shemeji, kesho ni siku yake.

Injinia nimempigia mara tisa. Hapatikani. Karakana imefungwa, mlinzi kasema funguo anazo Injinia.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika, moto unawaka tangu alfajiri. Injinia yuko na wageni. Nimemnong'oneza, akanipiga bega: leo hapana, Baharia, utanichekesha uniharibie wanja. Kaka yuko juu, shati jeupe, kofia. Kapiga honi – nikawa na miaka minane, palepale, mbele za watu!

Mbele kuna kilima. Garimoshi likishakivuka na kuanza kushuka, maji ya boila yatakimbilia mbele. Dari la tanuri, huko nyuma, litabaki kavu, na risasi ya kuyeyuka haipo.

Basi nimekaa relini. Hatua kumi mbele ya garimoshi. Naandika ili mikono iwe na kazi. Watu wanapiga makofi, wanadhani ni shoo. Mzee, ongeza! kapayuka mmoja. Mlinzi kanivuta mguu, kiatu kimebaki kwake. Mimi nimeikumbatia reli kwa mkono mmoja.

Injinia ameweka kipaza sauti chini.

Kaka anashuka. Ngazi moja, nyingine. Anafuta mikono kwenye lile shati. Sasa amechuchumaa mbele yangu, magoti yamelia. Hafoki. Ningefurahi angefoka.

Ni kweli? ananiuliza.

Ni kweli, kaka.

Hasogei. Ananitazama mdomo. Anasubiri nicheke. Hapana – ananiomba nicheke.