Mringaringa wa Baba

Jumamosi, 17 Julai 1993

Mbao za nyumba ya mama zimeshapasuliwa, ila fundi anasema zikauke miezi kadhaa kabla ya kupigiliwa ukutani kuzuia baridi. Naogopa mama hatangoja. Tangu nimjengee nyumba ya matofali analala jikoni kwenye moshi. Nyumba anaiita jokofu.

Mimi nilitaka mbao za saiprasi. "Zitapinda kama ahadi zako," mama akasema. "Kata mringaringa wa baba yako."

Kwa desturi yetu mti huo ukikatwa huozwa kama binti, na mwenye mti hatakiwi kuona shoka. Basi siku ya kuukata mimi, mrithi wake, nilishinda Njoro, nikijifanya nina shughuli.

Leo nimezipanga mbao chumbani kwake, kwenye nyumba ya matofali, zikaukie humo. Jioni nachungulia, mama kajilaza kando ya mbao, kajifunika blanketi.

"Bibi harusi halali peke yake ugenini," kaniambia. "Funga mlango, baridi."