Kilima Kilipoamka Ndani ya Laptop

Bukavu, Ibanda

Maman yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mgongo umetulia? Na koko, bibi yetu, bado anakataa dawa mpaka aombewe kwanza? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Naanza na hilo kwa sababu najua umenipigia simu ukaambiwa sipatikani, na najua unavyoanza kulia kabla ya kujua jambo lenyewe. Sikupatwa na ubaya wowote. Simu yangu haina umeme, basi. Sababu yake ndiyo habari ya barua hii, ambayo nampa dada wa parokia anayeshuka Uvira na kupanda mashua ya Kalemie, akufikishie.

Unajua ofisi yetu hupima viwanja na kuchora miteremko. Huku udongo huteleza mvua ikizidi, na Chef Murhula, mkubwa wetu wa kazi, aliwaahidi watu wa avenue yetu, mtaa huu ulio chini ya kilima, kwamba kabla ya mvua kubwa atawaonyesha maji yatapita wapi, wajue pa kuchimba mfereji. Picha za kilima tunazo. Kilichokosekana ni kompyuta yenye nguvu ya kuziunganisha ziwe kilima kizima.

Papa Bisimwa, muuza kompyuta, alituletea laptop mpya, nene kama misale ya padri, ili tuijaribu. Alisema kadi yake ya michoro, ile carte graphique, inaishinda mbali kadi ya laptop yetu ya zamani. Usichoke hapa, Maman, nitakueleza. Ndani ya kompyuta kuna akili moja kubwa inayofanya hesabu ngumu moja baada ya nyingine, kama Papa wangu alivyokuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Kadi ya michoro si hivyo. Ni kama siku ya ndoa, akina maman wote wa avenue wanapoketi na ungo, kila mmoja akichambua mchele wake kidogo, wote kwa mara moja, na gunia linakwisha wakiwa bado wanaimba. Kila nukta ya picha ni punje. Kadi bora ina akina maman wengi zaidi, wenye mikono myepesi.

Kazi ya kulinganisha nilipewa mimi, ambaye bado niko katika majaribio ya kazi. Nilifungua kilima kilekile katika laptop zote mbili. Ya zamani ilikokota. Mpya nayo ilikokota, hata zaidi; kilima kikawa kinarukaruka kama mtu anayeshuka ngazi kwa mguu mbovu. Nilirudia, ikawa vilevile.

«Riziki, hii machine ni ya bongo, ni uongo tu,» Chef akasema. «Bisimwa anatuona wajinga.»

«Pengine kadi ni etiquette tu ya kubandika nje, Chef,» akasema Ma Nsimire, mchoraji wetu wa ramani. «Ndani bameweka redio.»

Chef alimpigia Papa Bisimwa palepale, mbele yetu, akamwita mwongo, akamwambia aje kesho yake achukue kitu chake. Nilisikia sauti ya yule mzee ikijitetea. Mfanyabiashara anaishi kwa jina lake, Maman, na hukumu ile ilitoka katika majaribio yangu.

Asubuhi nilifika wa kwanza. Umeme wa mji, ambao hukatika siku nyingi, ulikuwa umerudi. Nilipokuwa nairudisha laptop katika boksi lake, nikaona chaja yake yenyewe, nzito kama tofali, bado imo katika plastiki. Sisi tulikuwa tumeichomekea chaja nyepesi ya ile ya zamani. Ndiyo mazoea yetu: tunafanya kazi kwa umeme wa jua, na umeme huo tunagawana na avenue nzima. Muuza mkate, mlinzi, hata mkwe wa Ma Nsimire, wote huchomeka simu kwetu, na kumkatalia mtu ni aibu. Ukiongeza chaja nzito, mtambo unalia na kuzimika. Basi mikono yetu imezoea kuchukua chaja ndogo bila kufikiri. Taa ya laptop ilikuwa inawaka, tukaamini imeshiba.

Niliichomeka ile nzito katika umeme wa mji, nikafungua kilima. Upepo wa moto ulitoka ubavuni mwa laptop kwa kishindo, nikaruka nyuma nikidhani inapasuka. Halafu, Maman, kilima kikaamka. Kikageuka polepole chini ya kidole changu kama kitu kilicho hai. Niliona mabati yaking'aa, migomba, nguo zilizoanikwa, na kivuli cha kila nyumba kikilala mahali pake. Nikaamuru mvua ya kuigiza juu ya kilima. Katika laptop ya zamani tulikuwa tunakwenda kula tukisubiri mvua hiyo. Hapa maji yalishuka mbele ya macho yangu, yakitafuta njia, yakikutana, yakinenepa. Nilifanya ishara ya msalaba. Nikarudisha chaja ndogo ili nihakikishe: kilima kikalala. Nikaweka kubwa: kikaamka.

Ndipo Chef akaingia.

«Juu ya nini umefungua boksi? Nilisema irudi.»

Unajua hapendi kurudia neno alilokwisha kulitoa. Nilimwonyesha ile chaja nyepesi. «Pardon, Chef. Tuliipa chaja isiyo yake. Angalia kidogo tu, kisha ukitaka kunifukuza, unifukuze.»

«Nani anasema kufukuza? Sogea nikae.»

Alikigeuza kilima huku na huku. Kisha akaweka kidole juu ya kioo, penye ngazi inayopanda kilima. «Hii ngazi nilikuwa naipanda nikienda masomo,» akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Maji yalikuwa yanapita juu ya ngazi hiyo.

Papa Bisimwa alipofika, hakutusalimu. Alinyoosha mikono apewe boksi. Chef akasimama. «Muzee, jana nilikuita mwongo mbele ya hawa. Leo naomba pardon mbele ya haohao. Ni chaja.»

Papa Bisimwa akatutazama mmoja mmoja. «Mulimupa ng'ombe majani ya sungura, kisha mukasema haina maziwa!» Ma Nsimire alicheka mpaka akakaa chini.

Laptop imebaki, nami nimebaki. Lakini umeme wa mji ni wa kubahatisha, na mtambo wetu wa jua unaibeba tu ikiwa hakuna kingine. Chef alitangulia kuchomoa simu yake, kisha zetu zote. Nilidhani avenue itatukasirikia, lakini muuza mkate alipoona katika kioo maji yakishuka kuelekea nyumba yake, alichukua simu yake mwenyewe bila kuambiwa.

Nisalimie koko, kaka mkubwa na mke wake, na shangazi anayekupikia mgongo unapokaza. Nami nakuomba neno moja: ukinipigia simu na isiingie, usilie. Jua kwamba umeme wote umepelekwa kilimani, na mfereji umeanza kuchimbwa.

Binti yako akupendaye,
Riziki