Povu kwenye Bomba la Turbo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia hapa Pasiansi. Mama yako sasa anatembea bila fimbo, tunashukuru.

Unasema gari lako limekosa nguvu, linalowa oili, na fundi wa huko Dodoma anataka ubadilishe turbo, kile kifaa kinachosukuma upepo kwenye injini. Hata mimi niliwahi kusema hivyo, enzi za gereji yangu ya Mabatini. Dada mmoja alileta pikapu ya baba yake ya kubebea samaki. Niliona oili imetapakaa kwenye turbo, nikamwambia imekufa.

"Umejuaje, na hujaifuta?" akaniuliza.

Niliona aibu mbele ya mafundi wenzangu. Nikaisafisha injini, nikaiwasha, nikangoja. Turbo ikabaki kavu. Oili mpya ikachungulia juu yake, kwenye bomba la mpira linalopeleka upepo kwenye injini. Nikazima, nikaziba mdomo wa turbo, nikajaza upepo bombani kwa pampu, naye akapaka maji ya sabuni. Povu likafura palepale penye ufa. Upepo ulikuwa unatorokea hapo pamoja na oili, ikichuruzika hadi chini. Turbo ilikuwa nzima.

Mwambie fundi wako afute kwanza, ndipo aseme.

Yule dada hakunicheka. Nilifunga bomba jipya, akaondoka, nami nikabaki nikiomba pikapu iharibike tena. Haikuharibika. Ikanibidi niende mwenyewe mwaloni, kwenye soko la samaki la ziwani, kila Jumamosi, kununua kwake samaki nisiowahitaji, mpaka bibi yako akanihurumia.

Babu yako