Darubini ya Taher na Dari la Kina Nyevu

Alhamisi, 14 Februari 1946

Imeingia nyumbani! Wachukuzi wawili, ngazi nyembamba, bomba refu kuliko Taher mwenyewe. Limekwaruza ukuta tuliopaka chokaa juzi tu. Mama mkwe wangu, Hajrabai, akauliza kama mwanawe amenunua mzinga wa Wajerumani, maana vita vimekwisha na labda sasa mizinga inauzwa rahisi.

Si mzinga. Ni darubini ya kioo. Chini ya bomba kuna kioo cha duara, kimebonyea kidogo katikati, nacho ndicho kinachonasa mwangaza wa nyota. Taher anauza vioo Makadara mwaka nenda mwaka rudi—vya kabati, vya vinyozi, vya maharusi—na sijapata kumwona akikipangusa kimoja kwa mapenzi kama hiki.

Ugonjwa huu aliupata wakati wa vita. Alikuwa miongoni mwa wale waliozunguka na firimbi kuamrisha watu wazime taa. Mji giza, watu wanaogopa ndege za adui, bwana wangu shingo juu anahesabu nyota. Tangu hapo anangoja.

Sasa kuna mzungu mmoja wa idara ya upimaji ardhi amerudi kwao. Ameacha darubini mbili kwa Seth, karani wa bandari ya Kilindini, amuuzie. Seth ni mtu wa bara, mpole. Amemwambia Taher ajaribu hii ndefu kwanza, kisha ile fupi, achague moja. Mwisho tarehe mbili Machi, kwa sababu yuko mtu wa Nairobi naye anazitaka.

Naandika Kiswahili kama kawaida yangu. Mama mkwe husoma Kigujarati hata kilicho kwenye karatasi ya kufungia bizari.

Jumamosi, 16 Februari

Mbalamwezi kama mchana. Baada ya sala nimepanda darini, juu ya paa letu bapa, kumpelekea Taher chai. Nikasimama mlangoni.

Bomba limeelekea juu. Lakini uso wa Taher haukuelekea juu! Amesimama kando ya bomba, jicho moja amelifumba, uso umenyooka sawasawa—dari la jirani. Kwa kina Nyevu!

Nyevu ni binti wa ng'ambo ya kichochoro. Ameachwa, eda imekwisha, yuko kwao. Kila jioni hupanda darini kukausha nywele na kutunga asumini. Nywele zenyewe zinafika kiunoni. Na jioni darini ni kwa wanawake, nani asiyejua hapa Mji wa Kale? Mwanamume akitaka kupanda dari lake mwenyewe hukohoa kwanza, majirani wajifunike. Taher hakukohoa. Alikuwa ametulia kama paka mbele ya tundu la panya.

Nikarudi na chai yangu. Nikainywa mwenyewe.

Jumapili, 17 Februari

Dali ya dengu imezidi chumvi. Mama mkwe amesema. Taher alikula tu, huku anawaza. Anawaza nini? Anamwaza nani?

Nyevu kanisalimia dirishani. Asumini nyweleni, meno nje. Nikamjibu kwa mkato.

Jumatano, 20 Februari

Aibu. Aidarus, kakake Nyevu, ameingia dukani leo asubuhi. Salamu ndefu—habari za nyumbani, za mama, za biashara, za afya. Taher akadhani anataka kioo. Kumbe! Akamwambia: Bwana Taher, sisi na nyinyi ni majirani tangu babu zetu. Mamangu hapandi tena darini. Dadangu hapandi. Nguo zaanikwa ndani, zanuka uvundo. Hilo bomba lako sina neno nalo. Neno langu ni macho yako.

Taher amerudi amegeuka rangi. Badala ya kumpoza, nikamtapikia yote yaliyonikaa kooni tangu Jumamosi. Kwa sauti! Mama mkwe akajifanya amelala. Taher akanikodolea macho kana kwamba nasema Kichina.

Kisha akasema: kesho njoo uone mwenyewe.

Alhamisi, 21 Februari

Nimeona!

Alikohoa kwanza, tena kwa nguvu, mpaka mama mkwe akauliza kutoka chini kama amepata kifaduro. Akanisimamisha kando ya bomba, palepale alipokuwa akisimama yeye. Uso wangu ukaelekea dari la kina Nyevu. Tupu, kamba za nguo tu. Nikaweka jicho.

Sikuona kamba. Sikuona dari. Sayari ya Zohali! Na pete yake, imeizunguka bila kuigusa. Ndogo, safi, imetulia peke yake gizani.

Nililia. Si kwa sababu ya Zohali, Mungu anisamehe. Ni moyo ulikuwa umetuliwa mzigo. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Mume wangu ni mwendawazimu tu, si mhuni!

Taher akanieleza. Kioo kikubwa cha chini hurudisha nuru juu, na karibu na mdomo wa bomba kuna kioo kidogo kinachoigeuza itoke ubavuni. Kwa hiyo mtazamaji husimama kando. Uso huku, macho kule. Miaka yote hii nimeolewa na muuza vioo na sikujua kioo kina hila namna hiyo.

Lakini mtaa utauambiaje? Taher anasema atairudisha, na ile fupi hataki hata kuiona. Jina la nyumba ni zito kuliko nyota, amesema, huku anakifunika kioo kwa kitambaa, polepole, kama anayemfunika mtoto. Juzi ningefurahi. Leo nimeumia.

Jumamosi, 23 Februari

Tumeirudisha pamoja. Seth anakaa karibu na Kilindini, chumba na ukumbi. Mkewe, Zilpah, akatukaribisha kwa chai na viazi vitamu, akanipigisha gumzo. Kiazi cha Taher kikapoa mkononi.

Ile fupi ilikuwa pembeni, nene, imekaa juu ya chuma chake. Nikamwuliza Seth: na hii jicho lake liko wapi? Akanionyesha. Ubavuni vilevile. Basi, nikakata tamaa.

Kumbe bado! Bomba limeshikwa na pete mbili za chuma. Seth akalegeza skrubu, akalizungusha ndani ya pete kama mtu anayegeuza hindi motoni. Jicho likaja juu, likaenda kushoto, likaja kulia. Akasema: mama, popote utakapo, yule mzungu alikuwa mfupi, alikuwa akilizungusha kila mara.

Nikamtazama Taher. Taher hakuelewa. Wanaume! Nikamwambia: uso wako utautazama ukuta wa ngazi zetu! Ile chokaa uliyoikwaruza, uitazame mpaka uchoke!

Akaanza: lakini kioo chake ni kidogo, ndefu inaona mbali zaidi. Nikamwuliza: inaona mbali kumshinda Aidarus? Akacheka. Tangu Jumatano sikuwa nimesikia kicheko chake.

Tena hii fupi ina mashine kama ya saa, inaifuata nyota yenyewe polepole. Na mgongoni pana mahali pa kufunga kamera. Ndefu haina hata kimoja. Tumeibeba nyumbani tukaijaribu. Lakini namjua, moyo wake bado uko kwa ndefu.

Jumanne, 26 Februari

Nimewaalika Nyevu na mamake. Wanawake watupu, Taher nimemfungia nje. Sambusa, chai ya tangawizi. Walipanda wamejitanda mpaka pua.

Mama mtu alitazama kwanza. Subhanallah! Kisha hakutaka kubanduka, mwanawe akasubiri mpaka akamvuta buibui.

Nikamweleza Nyevu ukweli wote, pamoja na nilivyomdhania. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada Amtulla, mwanamume anitazamae namjua hata nimempa mgongo. Mumeo alinipita kama ukuta. Hata nilikasirika kidogo!"

Nikacheka kuliko wote. Mama mtu naye ameridhika. Aliyebaki ni Aidarus. Wamemwambia, hasikii. Anasema wanawake wamerogwa kwa sambusa.

Ijumaa, 1 Machi

Kesho Seth anataka jibu. Leo ndiyo leo.

Tumeahidiana hivi: Taher anataka picha ya Kilimia, lile kundi la nyota. Ikitoka vizuri, tunachukua fupi. Ikiharibika, tunachukua ndefu, na hapo najua mwisho wake. Ndefu haigeuki. Aidarus atarudi dukani na darubini itaondoka, hii nyumba itabaki na mwanamume mwenye huzuni.

Usiku hauna mwezi. Kamera imefungwa mgongoni mwa bomba, imefunguliwa jicho. Mashine inafuata, lakini si ya kuaminiwa sana. Lazima mtu aweke jicho kwenye darubini muda wote, ahakikishe nyota moja haitoki kwenye nyuzi mbili zilizopishana. Ikianza kutoka, ageuze skrubu kidogo. Akiondoa jicho, nyota zitakuwa mistari pichani.

Na kwa uzito wa kamera bomba limekubali kukaa upande mmoja tu. Upande gani? Mola wangu! Dari la kina Nyevu.

Kwa hiyo Taher amejifukuza mwenyewe, yuko chini barazani. Mimi na Nyevu tunapokezana. Zamu ni yake. Naandika hapa juu ya ngazi, kibatari nimekizungushia karatasi nyekundu. Taher anauliza: bado? Tunajibu: bado!

Mtu amekohoa ngazini. Aidarus! Amemfuata dada yake. Tumejifunika.

Ameanza maneno. Nyevu hawezi kugeuka kumjibu. Kisha—chafya! Ya kwanza kaizuia, ya pili inakuja. Kamshika kaka yake mkono, kamvuta: tazama hapa wewe, usiiache itoke! Aidarus kainama ili abishe. Kaweka jicho. Kasahau alilolijia.

Nimemwonyesha skrubu, anaigeuza kwa ncha za vidole. Kanzu yake nyeupe inaonekana mtaa mzima, na uso umenyooka sawasawa darini kwao.

Huko kwao ametoka mtu na taa. Si mama yake. Ni shangazi yao wa Bondeni, amekuja leo, hajui lolote, kichwa wazi, ameshika kitana.

"N'nani huyo? N'nani huyo atazamae huku? Hana haya!"

Nyevu amejiziba mdomo kwa leso. Nimemwambia Aidarus kwa upole: usiondoe jicho, imebaki kidogo. Jasho linamtoka. Shangazi anapiga kelele sasa, madirisha yanafunguliwa, Taher kutoka chini anauliza kuna nini.

Aidarus hajaondoa jicho. Ananong'ona: "Dada Amtulla, mwambieni ni nyota. Wallahi, mwambieni natazama nyota tu."